Kelvi Ilipojengwa Upya

Barua pepe iliingia Sujaya akiwa amesimama jikoni na bakuli la uji wa dawa mkononi, ule uji mchungu ambao mama mkwe wake alimlazimisha kila mtu kuunywa mwezi wa mvua wa Karkidakam. Aliisoma kwenye simu, akaweka bakuli chini, akaisoma tena.

"Kuna nini?" akauliza mumewe, Achuthan, kutoka mezani. Achuthan hakuwa akiona, macho yake yalikwisha kuzima miaka mingi, lakini alisikia bakuli lilivyowekwa.

"Kelvi haitakuwemo kwenye mfumo mpya wa shule."

"Nani kasema?"

"Wale wanaokusanya programu. Wanasema haijengeki tena. Tuna mpaka Jumatano ya wiki ijayo, baada ya hapo wanafunga mlango."

Achuthan aliendelea kunywa uji wake. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Amma, alisimama mlangoni na mwiko, akimtazama mkwewe kisha mwanawe, kama mtu anayesubiri kuambiwa nani amefariki.

Kelvi ilikuwa programu ya kompyuta inayowasomea wasioona maandishi ya Kimalayalam, lugha ya kwao, kwa sauti. Haikuwa mali ya mtu. Yeyote aliweza kuichukua bure, kuifungua, kuirekebisha na kumpa jirani. Achuthan ndiye aliyeianzisha, na watu wengine wakaongeza mikono yao humo. Sasa Sujaya ndiye aliyeitunza, baada ya saa za kazi yake ya kampuni aliyoifanyia hapo hapo nyumbani, katika mji wa Irinjalakuda, kwenye meza iliyokuwa pia ya kulia chakula.

Programu huandikwa kama maandishi, na ili kompyuta iitumie ni lazima maandishi hayo yachakatwe, yaunganishwe na kufungwa kuwa kifurushi kimoja. Kwa Kelvi kazi hiyo ya ujenzi ilifanywa na faili moja refu la amri. Achuthan aliliandika wakati bado aliona vivuli vya herufi, uso wake umegusa kioo, kwa lugha ya kompyuta ambayo sasa ilikuwa inastaafishwa. Kompyuta mpya hazikuijua kabisa.

"Faili langu halina kosa," akasema Achuthan.

"Sikusema lina kosa, Etta," akasema Sujaya, akitumia jina la heshima la kumwita mume. "Nasema hakuna atakayelielewa."

"Mimi nalielewa."

"Kompyuta haitalielewa."

Amma akaingia, akachukua bakuli la Sujaya, akalirudisha mkononi mwake. "Kunywa kwanza," akasema. "Kompyuta haipoi. Uji unapoa."

*

Shuleni, Achuthan alifundisha historia. Mwalimu Mkuu Vilasini alimfuata chumba cha walimu saa ya chai, akavuta kiti, akakaa karibu naye zaidi ya kawaida yake. Achuthan alijua kutokana na kiti hicho tu kwamba ameletewa jambo.

"Mwalimu, Ijumaa wanakuja kubadilisha mfumo kwenye kompyuta zote," akasema Vilasini. "Nimeambiwa ile sauti yako huenda isiwemo."

"Itakuwemo."

"Mungu akipenda. Lakini mimi lazima nipange. Yule dada wa maktaba hana kazi nyingi asubuhi. Atakaa nawe darasani akusomee."

"Akae nami darasani?"

"Kando tu. Watoto watazoea."

"Na madaftari yao?"

"Atasoma, wewe utatoa alama. Hata ile hotuba ya gwaride la Jumatatu, ya kumuaga Rosili wa jikoni, kama huwezi tutampa mwingine. Usijisumbue."

Alisema yote hayo kwa upole, sauti ameishusha kama mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Kama angesema kwa ukali, Achuthan angepata pa kushika amjibu. Alikunywa chai yake mpaka ikabaki sukari chini, akasema hotuba ataisoma yeye kama anavyosoma kila Jumatatu, na Vilasini akamgusa bega kabla ya kuondoka. Ule mguso alirudi nao nyumbani.

Hakumweleza mkewe habari ya dada wa maktaba. Alimwambia tu, "Wanabadilisha Ijumaa."

*

Sujaya aliomba likizo kazini akasema mama mkwe anaumwa. Amma alimsikia akisema hivyo kwenye simu na akajilaza kitandani kwa muda, ili usiwe uongo mtupu.

Mtu aliyesaidiana naye alikuwa Jaffer, kijana wa Kozhikode aliyefanya kazi katika jiji la Bengaluru, mchapakazi, mwepesi wa maneno. Kwa muda mrefu Jaffer alitaka Kelvi ihamishiwe kwenye mfumo mpya wa kujengea, ule ambao miradi mingi ilikuwa imekwisha kuhamia. Sujaya alimweka kwenye spika ya simu ili mikono yake ibaki huru.

"Dada, tusirekebishe lile faili la zamani," alisema Jaffer. "Lile ni nyumba ya kale, ukigusa ukuta mmoja paa linashuka. Tuandike upya. Mfumo mpya unataka mistari michache tu, na unajenga haraka mara kumi."

"Lile la zamani lina mambo mengi ndani yake."

"Mengi ni takataka, dada. Kuna mahali linaangalia kama kompyuta ina diski za plastiki. Nani ana diski za plastiki?"

Achuthan alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa mbele, mlango ukiwa wazi. Sujaya alikata simu, lakini alichelewa.

"Takataka," akasema Achuthan.

"Ni mtoto, Etta. Anaongea tu."

"Utalifuta?"

"Nitalazimika. Hayawezi kukaa mawili, watu watachanganyikiwa."

"Lote?"

"Lote."

Mvua ilikuwa inapiga vigae na maji yanamwagika kutoka kwenye paa kama shanga zilizokatika. Achuthan alizungusha fimbo yake nyeupe mikononi. Alitaka kumweleza kuhusu Vilasini na ule mguso wa begani, kwamba kwa wiki hii moja amechoka kuondolewa mahali pake na watu wema. Maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Basi ukilifuta usiniulize kitu. Mna akili zenu, wewe na huyo wa Bengaluru."

"Sitakuuliza," akasema Sujaya.

Alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu ya Jumatano, na vitu hivyo viwili vilimfanya ashike neno lake kikamilifu. Siku zilizofuata aliandika faili jipya akilisoma la zamani mstari kwa mstari, akikisia pale asipoelewa. Mara kadhaa aliinua kichwa akitaka kumwita mumewe, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Akainamisha kichwa tena, akakisia.

*

Kelvi ilijengeka. Kwenye kompyuta ya Sujaya ilichukua muda mfupi wa kuchemsha chai, badala ya ule wa zamani wa kupika na kula. Jaffer alipiga simu akicheka kwa furaha. Sujaya alituma toleo la majaribio kwenye seva ya mradi, ambayo hujijengea kila kitu upya na kuwagawia watu. Huko ndiko kompyuta za shule zilikolichukua Ijumaa kwa muda, likisubiri kukubaliwa rasmi.

Jumapili, baada ya chakula, alileta kompyuta yake ukumbini akaiweka mbele ya mumewe bila kusema neno. Akabonyeza. Sauti ya Kelvi ikasoma ukurasa wa gazeti, habari za bei ya nazi na barabara iliyobomoka.

Achuthan alisikiliza mpaka mwisho. "Ni ile ile," akasema.

"Umesikia tofauti yoyote?"

"Nimesema ni ile ile."

Kutoka kwake siku hizo ilikuwa sifa kubwa. Sujaya alikaa kwenye ngazi akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile aliona njaa.

*

Jumatatu bajaji ilichelewa kwa sababu ya maji barabarani, na Achuthan alifika shuleni wanafunzi wamekwisha kujipanga kwenye korido ndefu, kwani uwanja ulikuwa tope tupu. Mwalimu wa kompyuta alimpa kompyuta yake ya shule, yenye mfumo mpya. Hotuba ya kumuaga Rosili ilikuwa humo. Vilasini mwenyewe ndiye aliyeiandika, na Achuthan hakuwa ameisikia hata mara moja.

Hilo halikumtisha. Kila Jumatatu alisoma namna hiyo: kifaa kimoja sikioni, Kelvi ikimsomea kwa kasi, naye akisema kwa sauti yake yale anayoyasikia, nyuma yake kwa neno moja au mawili. Wageni hawakuweza kujua kwamba hasomi kwa macho. Ulimi wake ulikuwa umezoea kufuata sikio bila kuuliza.

Rosili alikuwa amesimama mbele, kando ya Vilasini, sari yake nyeupe ya kanisani imepigwa pasi. Alikuwa amewapikia watoto wa shule ile chakula cha mchana tangu baadhi ya walimu waliokuwapo walipokuwa wanafunzi.

Kimalayalam kina herufi ambazo hukaa mwishoni mwa neno bila irabu, n na r na l zilizofungwa mdomo. Neno la heshima la kumtaja mtu mzima ni *avar*. Likikatwa ile herufi ya mwisho linabaki *ava*, na *ava* ni vitu. Ni vile vyombo, vile viti.

"Leo tunaagana na Rosili," alianza Achuthan, sauti yake imejaa korido. "Vile viliingia jiko letu mwaka wa mafuriko makubwa, na vile havikuwahi kuchelewa hata siku moja. Vile vilitulea sote."

Kicheko kilianzia darasa la saba kikaenea. Achuthan alisimama. Sikioni Kelvi iliendelea kusoma, na sasa aliisikia vizuri: majina yamekatwa mikia, heshima imekatwa mkia, na chini kabisa ya hotuba, lilipofika jina la msomaji, ilimwita yeye mwenyewe Achutha.

Alikitoa kifaa sikioni. Kama angekuwa anaijua hotuba angeendelea kwa kichwa. Hakuijua. Alifungua mdomo kusema neno lake mwenyewe kumhusu Rosili, na kwa kuwa watoto walikuwa bado wanacheka hakupata hata moja.

Akasikia viatu vya Vilasini vikija. "Asante, Mwalimu," akasema kwa upole ule ule, karibu na sikio lake, na kuanzia hapo hotuba ikasomwa na yeye, kutoka kwenye simu yake, mwanzo hadi mwisho, vizuri. Achuthan alibaki amesimama pale pale katikati kwa sababu hakuna aliyemwongoza pa kwenda, na fimbo yake alikuwa ameiacha ukutani.

*

Nyumbani alisema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani. Amma ndiye aliyeleta habari, alizipata dukani.

"Amemwita Rosili vitu," akasema, akiweka mfuko wa dengu mezani. "Mbele ya shule nzima. Muuza duka anaona ni mzaha. Mimi sikununua hata chumvi."

Sujaya alivuta kompyuta karibu. Alifungua ujumbe wa mradi, ambao hakuwa ameugusa tangu asubuhi. Kulikuwa na ujumbe wa Rukhiya wa Malappuram, asiyeona, anayepokea simu na kuwaita wagonjwa katika hospitali moja ndogo.

"Dada Sujaya," aliandika Rukhiya, "toleo jipya limemkata mume wangu. Ni Moideen, limekuwa Moidee. Yeye anacheka. Mimi sicheki, kesho nina foleni ya wagonjwa na majina yao yote. Nimerudi kwenye la zamani, lakini kompyuta mpya wanatuletea mwezi ujao na humo la zamani halikubali. Nifanyeje?"

Kulikuwa na wengine chini yake. Wote walilia jambo lile lile.

Sujaya alijenga Kelvi upya kwenye kompyuta yake, akaiambia isome: Moideen, Achuthan, avar. Ilisoma sawasawa. Akajenga tena. Sawasawa. Akampigia Jaffer.

"Kwangu inafanya kazi, dada," akasema Jaffer.

"Na kwangu pia. Kwa watu haifanyi."

"Labda wana mipangilio mibaya."

"Wote? Jaffer, mume wangu amesimama mbele ya watoto mia kadhaa akamwita mama wa watu vitu. Usiniambie kwako inafanya kazi."

Jaffer akasema kwa sauti nyingine, ya mtoto wa nyumbani, "Samahani, dada. Tuangalie tena."

Waliangalia mpaka usiku ulipoingia, na siku ya pili asubuhi wakaangalia tena. Faili jipya lilikuwa fupi na safi na halikuonyesha kosa lolote. Kila Sujaya alipolisoma lilimtazama kwa uso ule ule usio na hatia. Kufikia Jumanne mchana Jaffer alikuwa ameanza kusema habari ya kuwaomba wakusanyaji waiingize Kelvi kwenye toleo lijalo la mfumo, yaani baada ya mwaka mzima. Mwaka mzima wa dada wa maktaba ameketi kando, ingawa Sujaya hakumjua huyo bado.

*

Achuthan hakwenda shule siku hiyo. Alikuwa ukumbini, amejifunga lungi kiunoni na kuvaa fulana, redio imezimwa. Sujaya alitoka akiwa amebeba kompyuta kifuani, akakaa sakafuni karibu na kiti chake. Amma alikuwa upande wa pili akichambua dengu.

"Uliniambia nisikuulize kitu," akasema Sujaya. "Nauliza."

Achuthan aligeuza uso upande wa mvua.

"Nimelisoma faili lako lote kabla ya kulifuta. Kuna kitu sikukiona. Sikijui ni nini."

"Muulize wa Bengaluru."

"Yeye hajui. Mimi sijui. Kesho wanafunga."

Amma aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Mjibu mkeo," akasema. "Umekaa na hasira kama mtu aliyekalia yai. Hakitaanguliwa kitu."

Mwishowe Achuthan alisema, kama anaongea na mvua, "Vilasini anataka mtu wa maktaba akae nami darasani anisomee. Alipanga tangu wiki ile. Jana nimempa sababu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje? Ungejenga haraka zaidi?"

Sujaya aliweka mkono kwenye goti lake. Hakuuondoa, na yeye hakulisogeza goti.

"Unajengea wapi?" akauliza Achuthan.

"Hapa, kwenye kompyuta yangu."

"Kwenye folda ile ile niliyojengea mimi zamani?"

Sujaya alitazama jina la folda kwenye kioo. Ilikuwa ile ile.

"Hapo kuna mabaki yangu, Suju. Tafuta mahali patupu. Ichukue Kelvi kama mtu ambaye hajawahi kuiona, ijenge."

Alifanya hivyo. Folda tupu, Kelvi mpya kutoka kwenye seva, ujenzi. Kisha akaiandikia jina moja.

"Achutha," ikasema Kelvi.

"Ndiye huyo," akasema Achuthan. "Kwanza hutengenezwa jedwali la herufi za mwisho. Halafu kamusi, kwa sababu kamusi inalisoma jedwali. Halafu sauti. Kwako, na kwa huyo wa Bengaluru, jedwali la zamani lilikuwa limelala mle, kamusi ikalikuta. Kwa watu haikulikuta."

"Uliandika wapi kwamba kamusi lazima ilisubiri jedwali?"

"Sikuandika. Nililiweka jedwali juu, kamusi chini. Faili langu lilisomwa kutoka juu kwenda chini. Nani angepita mbele?"

"Mfumo mpya hausomi hivyo," akasema Sujaya polepole, kwa sababu alikuwa anakiona sasa. "Unazitoa kazi zote kwa pamoja. Kila moja inaondoka ikipata nafasi, isipokuwa umeiambia imsubiri nani. Kamusi imetangulia. Imefika, jedwali halipo. Lakini ingelalamika, Etta. Ingesimama, tungeona kosa."

Achuthan alikuna kidevu ambacho hakikunyolewa. "Hailalamiki. Niliizuia mimi. Siku hizo kila kosa lilinisimamisha, na kila nikisimama nilihitaji mtu anisomee kioo kimeandika nini. Nikaiambia ikikosa jedwali iendelee bila."

"Na mimi nikalihamisha hilo kama lilivyo. Sikujua maana yake, nikaona lisiachwe."

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Ningekujibu vibaya," akasema.

Amma alirudi kwenye dengu zake.

Sujaya aliandika mstari mmoja wa kuiambia kamusi isubiri jedwali, na mwingine wa kuiambia ikilikosa isimame na kupiga kelele. Wakajenga mahali patupu. Wakafuta, wakajenga tena mahali pengine patupu. Achuthan alisikiliza kila mara akiwa ameinamisha kichwa, akiiagiza isome majina: Moideen, Raghavan, Rukhiya, majina ya darasa lake la tisa moja baada ya jingine. Alimkuta mtoto mmoja tu aliyesomwa vibaya, na huyo alikuwa akisomwa vibaya tangu zamani.

Ndipo umeme ukakatika, kabla hawajatuma. Kisanduku cha mtandao kikazima taa zake. Kompyuta ilikuwa na chaji kidogo, na simu ndani ya nyumba ile ya vigae haikupata mawimbi siku za mvua.

"Kisimani," akasema Amma. "Pale naongea na dada yangu wa Mumbai bila shida."

Wakatoka wote watatu. Sujaya alikaa kwenye ukingo wa kisima na kompyuta mapajani. Achuthan alisimama nyuma yake ameinyanyua simu juu kabisa ya kichwa, kama mtu anayetundika taa. Amma alishika mwavuli, na mwavuli wote aliuelekeza kwenye kompyuta, watu wakalowa.

"Imefika?" akauliza Achuthan.

"Bado. Usishushe mkono."

"Sijashusha."

"Inakwenda. Nusu. Imesimama."

"Amma, sogea kushoto, unaziba," akasema Achuthan.

"Ninaziba nini, mawimbi? Mimi ni bati?"

Sujaya alicheka bila kutaka, huku macho yakiutazama mstari wa kutuma unaotambaa, akiogopa kupepesa. Chaji ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Mstari ulifika mwisho, ukapotea, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba toleo limepokelewa kusubiri kukaguliwa. Kisha kioo kikawa cheusi.

*

Jumatano mchana jibu lilikuja. Kelvi imeingia kwenye mfumo mpya. Rukhiya aliandika kwamba Moideen amerudi kamili na kwamba ameanza tena kuwa na kiburi.

Jumamosi Achuthan aliomba apelekwe kwa Rosili. Sujaya alimpeleka. Walimkuta nyuma ya nyumba akimenya finesi, mikono imepakwa mafuta ya nazi dhidi ya utomvu, na hakusimama.

"Kaeni," akasema. "Kuna benchi mkono wako wa kulia, Mwalimu. Vile vinafanya kazi, vitawapa maji baadaye."

Achuthan alibaki amesimama. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilijua. Umekuja na mke."

"Mashine ilikata neno. Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Rosili aliendelea kutoa kokwa moja moja na kuzitupa kwenye beseni. "Nililia siku ile," akasema. "Sikulia kwa ajili yako. Miaka yote hiyo watu walikuja dirishani wakasema, hoi, jikoni, leteni wali. Hoi, jikoni. Wala hakuna aliyetoa kitu sikioni akanyamaza kwa aibu. Wewe ulinyamaza mpaka nikakuonea huruma. Nikasema, huyu maskini kumbe anajua mimi ni mtu."

Achuthan akakaa kwenye benchi. Rosili alimpa finesi mkononi, akampa na Sujaya, akauliza kama ni kweli kwamba programu hiyo ni bure, kwa sababu ndugu yake wa Chalakudy macho yanakwenda na hana wa kumsomea mambo ya kanisa. Sujaya akasema ni bure. Rosili akasema basi waache namba.

Lakini shuleni, Jumatatu iliyofuata, gwaride lilisomwa na Vilasini. Alikuwa amekwisha kubadilisha ratiba na kuibandika. Dada wa maktaba hakuletwa darasani, hilo Achuthan alilikataa mbele ya walimu wote na Kelvi ikasimama upande wake. Ila gwaride hakurudishiwa. Alisimama kwenye mstari na walimu wengine, fimbo mkononi, akisikiliza.

"Alisoma vibaya?" akauliza Sujaya jioni, akitumaini.

"Alisoma vizuri," akasema Achuthan. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na meza ya kulia, upande ambao kwa kawaida hakukaa, upande wa kompyuta. "Hebu nisomee lile faili jipya."

"Lote?"

"Ni fupi, si mlisema? Nisomee wewe, si Kelvi. Polepole."

Sujaya akasoma. Alisoma mstari wa kwanza, na wa pili, na kadiri alivyoendelea Achuthan alitikisa kichwa kuonyesha anafuata. Katikati akamgusa mkono.

"Hapo. Kwa nini sauti ya kike inajengwa mbali na ya kiume?"

Sujaya aliutazama mstari ule. Aliuandika yeye mwenyewe, siku chache tu zilizopita, akiwa amekasirika na amechoka. "Sijui," akasema. "Nilijaribu hivi, ikakubali."

Achuthan alianza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, mpaka Amma akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

"Basi liandike hilo hilo humo kwenye faili, kando ya mstari," akasema. "Andika, hatujui kwa nini, ila usiondoe kabla ya kutuuliza. Weka majina yetu. Weka na namba ya simu."

Sujaya akavuta kompyuta karibu, akaandika.